Sifa Isiyo na Wajihi

Miaka mitano iliyopita niliandika shairi la sifa kwa malipo. Mjumbe alinijia nyumbani hapa Shinyanga akiwa na karatasi yenye jina la mtu, cheo alichojipa mwenyewe na tarehe ya sherehe. Mwenye jina alikuwa na maduara kadhaa upande wa Geita, amejenga nyumba ya ghorofa, na alitaka siku ya kuizindua asomewe shairi. Sikuwahi kumwona. Sikuomba kumwona. Nilikaa na karatasi ile tangu adhuhuri hadi magharibi nikatoa beti kumi na mbili, vina vimekaa, mizani imetimia, kibwagizo kinarudi mahali pake. Nililipwa siku ileile, na malipo yalizidi pensheni yangu ya mwezi. Naomba nisihukumiwe kabla sijamaliza.

Miaka miwili baadaye nilialikwa harusini Katoro. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri, akasimama kumsifu baba wa bwana harusi, naye ni mtu wa dhahabu vilevile, mwenye karasha na mitambo ya marudio. Ubeti wa kwanza ulipotoka kinywani mwake nilihisi damu inanipanda masikioni. Ulikuwa huu:

Simba wetu wa Geita, mwamba usotikisika,
Hasidi wanakukata, lakini hutokatika,
Masikini wakiita, mkono unawashika,
……… wewe ni nyota, usiku inayowaka.

Hapo penye nukta palikuwa na jina la mteja wangu, jina la silabi tatu. Kijana yule aliliondoa akaweka jina jingine la silabi tatu. Hesabuni wenyewe: nane kwa nane, hakuna kilichopungua wala kuzidi. Watu wakapiga vigelegele, mzee akatunzwa noti, nami nikapiga makofi pamoja na wengine kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa ya mwizi kuniibia. Usiku, kitandani, ikageuka. Kijana hakuharibu chochote. Shairi lilimkaa mtu wa pili kama lilivyomkaa wa kwanza, na lingemkaa wa tatu na wa kumi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari nikifundisha kwamba shairi halitengani na kinachosemwa ndani yake, na sasa nilikuwa nimetengeneza fulana ya saizi moja kwa wote.

Jambo hili lingebaki aibu yangu ya siri kama si picha moja. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Marekani, alizuru jumba la makumbusho la Peabody Essex katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, akanitumia picha kwa simu na maneno mafupi: "Mwalimu, huyu si mtu wa kwetu?" Ulikuwa mchoro wa rangi za mafuta, mtu mzima mwenye ndevu, kilemba kichwani na joho la heshima mwilini, anatazama kama anayesubiri umalize swali lako. Chini yake pana jina la Ahmad bin Na'aman na mwaka 1840. Mchoraji ni Edward Mooney wa New York.

Wengi wetu tulimpita Ahmad bin Na'aman tulipofundisha historia, labda kwa sababu hakuwa sultani. Alikuwa katibu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na miaka saba baadaye akaipeleka merikebu yake Sultanah kuvuka Atlantiki, Ahmad akiwa mjumbe wake. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Watu wa mji ule walijaa gatini kuwatazama wageni. Jeshi la wanamaji la Marekani liliikarabati merikebu ile iliyochakazwa na safari, na zawadi za Sayyid Said kwa Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu, zilizua mjadala kwa kuwa sheria za nchi ile hazimruhusu rais kujipokelea zawadi za wafalme. Farasi waliuzwa, fedha zikaingia hazina. (Jambo hili nalitaja kwa faida ya wanaopokea.) Ahmad alikaa huko hadi Agosti, na katika miezi hiyo alikaa pia mbele ya turubai la Mooney.

Neno "alikaa" ndilo lililonishika. Mchoro wa namna ile hauchorwi kwa karatasi iliyoletwa na mjumbe. Mtu aketi, na mwingine amtazame: amtazame leo, amtazame tena kesho, agundue kwamba jicho moja liko chini kidogo kuliko jingine, kwamba mdomo una namna yake ya kutulia. Mooney hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Hakuijua Unguja. Huenda alikuwa na fikra zote potofu ambazo watu wa New York wa wakati ule walikuwa nazo juu ya watu wa Mashariki. Hata hivyo alilazimika kumtazama mtu aliyekuwa mbele yake, na matokeo yake ni kwamba ukiufuta mwandiko wa jina, uso ule hautamkaa mwingine.

Sasa niseme juu ya neno. Kiswahili chetu kinaiita kazi hii "picha", na kwa neno hilohilo tunaita picha ya pasipoti, filamu ya Kihindi na mchoro wa mtoto wa chekechea. "Taswira" tumeshaikabidhi kwa wahakiki wa ushairi, na "sanamu" imebaki na watu wa mawe na shaba. Nashauri tulichukue neno ambalo tayari ni letu na limelala kamusini: wajihi. Kama nomino linasimama karibu na uso na sura ya mtu. Kama kitenzi, kumwajihi mtu ni kukutana naye ana kwa ana. Hapa lugha yetu imeunganisha mambo mawili kwa uzuri wa ajabu: uso, na tendo la kuukabili uso huo. Picha ya wajihi, basi, ni ile ambayo haiwezi kupatikana bila watu wawili kuwajihiana. Wataalamu wa istilahi watasema kama napotosha. Niko tayari kusahihishwa, ila wasiniletee "potreti".

Sanaa hii ya wajihi ilipata nguvu zake kubwa katika majumba ya watawala wa Italia katika karne ya 16, wakati wa machweo ya zama ambazo wanahistoria huziita Renesansi. Huko Florence alikuwapo Agnolo Bronzino, aliyeishi kati ya 1503 na 1572, mchoraji wa baraza la Mtawala Cosimo wa kwanza wa ukoo wa Medici. Wasomaji wa hapa watafurahi kujua kwamba Bronzino alikuwa pia malenga. Aliandika mashairi mazito na mengine ya mzaha mwingi. Kwa hiyo swali langu, la mtu anayelipwa ili amsifu mkubwa, yeye aliliishi kwa brashi na kwa kalamu. Kati ya 1543 na 1545 alimchora Cosimo akiwa amevaa deraya, mkono umetua juu ya kofia ya chuma. Ni sifa tupu, hilo sikatai. Cosimo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyehitaji watu waamini kwamba ameshika hatamu, na chuma kile kinang'aa ili waamini. Mchoro huo ulinakiliwa mara nyingi katika karakana ya Bronzino na nakala zikasambazwa, kama sisi tunavyotundika picha ya Rais katika kila ofisi kuanzia wizarani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Lakini uutazame mkono ule. Vidole ni vya mtu mmoja, vyembamba, vyenye wasiwasi wa mtu asiyezoea kutulia. Msifiwa alilipia deraya, akapewa na mkono wake mwenyewe juu yake.

Na ili nisionekane nawapamba Waitaliano, Cosimo huyohuyo alimtuma mchoraji mwingine, Cristofano dell'Altissimo, mwaka 1552, kwenda kunakili picha za watu mashuhuri wa dunia alizokusanya askofu na mwanahistoria Paolo Giovio karibu na ziwa Como. Picha hizo leo ziko katika jumba la Uffizi, zimepangwa juu karibu na dari, na miongoni mwake yumo mfalme wa Ethiopia, Lebna Dengel. Cristofano hakupata kumwona. Mfalme alikuwa amekwisha kufa mwaka 1540, na mchoraji alikuwa akinakili picha, si kumtazama mtu. Ni kazi ya mkono wenye ujuzi, na jina limeandikwa juu ili tujue ni nani. Nilipoisoma habari hiyo nilijitambua. Jina juu, ujuzi katikati, na hakuna aliyewajihiana na mtu. Beti zangu kumi na mbili zilikuwa za ukoo huo, tena za chini yake, maana Cristofano angalau alikuwa na picha ya kunakili.

Narudi kwa Ahmad, kwa sababu pana kitu katika wajihi wake kinachotuhusu sisi wa bara kuliko watu wa Salem wanavyojua. Sultanah haikwenda New York tupu. Ilikuwa na tende, mazulia ya Uajemi na kahawa ya Mocha. Na kutoka Unguja ilipakia magunia 135 ya karafuu, masanduku 81 ya sandarusi, ngozi 1,000 na pembe za ndovu 108. Kwa hesabu ya darasa la pili, ndovu hawapungui 54. Zama hizo pembe nyingi zilizofika Unguja zilitoka bara, na wapagazi waliosifika zaidi katika njia za kwenda pwani walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, ambao mimi ni mmoja wao. Sijui pembe ipi ilipita bega la nani. Lakini najua kilichorudi, kwa sababu kilibaki katika lugha. Shuka nyeupe ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilienea bara yote kwa njia hizohizo, na watu wakaiita kwa jina la ilikotoka: marekani. Bibi yangu mzaa mama, aliyefariki nikiwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuwahi kuiona ramani ya dunia, lakini alijua kaniki ni ipi na marekani ni ipi, na ipi hudumu ukiifua kwa magadi.

Kwa hiyo naufikiria mchoro ule nikiona zaidi ya joho. Fahari ya baraza la Unguja ilikuwa na mabega chini yake, na mabega hayo hayamo katika fremu. Wapo watakaosema hii ndiyo hukumu ya sanaa yote ya namna hii, kwamba ni uongo wa wenye nacho, tuiache ioze. Siafiki. Uso wa Ahmad si uongo. Kilichokosekana ni nyuso nyingine, na dawa ya nyuso zilizokosekana ni kuzichora, wala si kuufuta huu mmoja uliochorwa vizuri. Mashairi ya sifa yanayosomwa leo katika sherehe za ukanda wetu wa dhahabu yana kasoro mbili kwa pamoja: mabega hayamo, na uso wa msifiwa mwenyewe haumo. Tumebaki na joho linalosimama peke yake.

Najua hoja itakayoletwa, maana nimeshaletewa barazani na rafiki yangu mmoja, mtunzi hodari kuliko mimi. Anasema simba, mwamba, nyota na jemedari ni hazina ya wote. Malenga hujipimia katika hazina hiyo kama fundi anavyotumia matofali ambayo hakuyafyatua yeye, na msikilizaji wa sherehe hataki kufumbuliwa uso wa mtu, anataka ashangilie. Kuna kweli ndani yake. Sidai kila ubeti uwe na tofali jipya. Lakini nimkumbushe kilichokuwako kwetu kabla ya vipaza sauti. Nilipokuwa mtoto niliwasikia waimbaji wa ngoma, Bagika kwa Bagalu wanaposhindana baada ya mavuno, wakimtaja mtu hadi unamwona: huyu mwenye ng'ombe wa pembe moja, yule aliyelima mpaka wa jirani yake usiku akadhani mwezi haukumwona. Sifa na dhihaka zilikaa kigoda kimoja, na hakuna jina lingeweza kuchomolewa likawekwa jingine, kwa sababu ng'ombe wa pembe moja alikuwa mmoja kijiji kizima. Watu walishangilia. Walishangilia hadi mavumbi yakaficha jua. Msikilizaji hajapungua, sisi ndio tumevivu.

Hapa nikiri kwamba neno "sisi" linanipa kichaka cha kujificha. Mwenye kosa la Katoro ni mimi. Nilikuwa na kipawa kidogo, muda wa kutosha na nauli ya basi hadi Geita, na sikwenda.

Mwezi uliopita mjumbe mwingine alikuja. Msifiwa mpya, sherehe ya mwisho wa mwaka, bahasha ya malipo ya awali tayari mkononi. Nikamwambia nitaandika kwa sharti moja: nikae na mtu huyo kutwa nzima, kazini kwake. Mjumbe alicheka akidhani nataka nyongeza. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu na msifiwa mwenyewe, nikapanda basi.

Nilikaa naye tangu asubuhi. Ni mtu mpole, haongei sana, anawajua vijana wa duarani kwa majina ya mama zao. Nilimwona akimzuia kijana kushika zebaki kwa mkono mtupu, kisha dakika kumi baadaye akapita pale pale penye wengine wawili wanaoishika asiseme neno, kwa sababu alikuwa anazungumza na mnunuzi. Mambo yote mawili niliyaandika. Mkono wake wa kushoto hauna kidole cha pete. Ulikatwa na karasha alipokuwa na miaka kumi na tisa, akimfanyia kazi mtu mwingine, ambaye hakumlipia hata bendeji. Alinisimulia bila kuinua sauti, akiwa anakula muhogo wa kuchoma. Mkewe, aliyetuletea chai, alikuwa na pete mbili za dhahabu. Yeye hana mahali pa kuvalia.

Nilirudi Shinyanga na giza. Nilijua ndani ya basi kwamba nimekiona kile alichokiona Mooney, au angalau upande wake mmoja. Usiku uleule nikapata mistari miwili:

Kidole cha pete yake, karasha likakifyeka,
Dhahabu avaa mke, yeye hana pa kuvika,

Nikamtumia kwa simu, kama mchoraji anayemgeuzia mwenye uso turubai lisilokauka. Jibu lilikuja asubuhi. Alisema ameyapenda, amemsomea mkewe, mkewe amelia. Kisha akaandika: "Ila mwalimu, siku yenyewe watakuwapo wakubwa. Hilo la kidole liache. Niwekee simba."

Nimekaa na ujumbe huo wiki mbili. Ni uso wake, si wangu, na labda mtu ana haki ya kuchagua joho atakalotokea nalo mbele za watu. Cosimo naye alichagua deraya. Lakini Bronzino hakuuondoa mkono. Mstari wa tatu haujaja. Bahasha iko ndani ya kamusi, kwenye herufi W, na sherehe ni Jumamosi ijayo.